Mwalimu Mpya na Karatasi Tupu

Katika mwaka 1958, wakati Kongo ilipokuwa bado chini ya Ubelgiji, mwalimu mpya alifika katika shule moja ya misioni, kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa Tanganyika, chini ya milima ya Marungu. Alikuwa kijana wa miaka 21. Alikuwa ametoka shule ya walimu miezi miwili tu. Shati lake lilikuwa jeupe, viatu vyake viling'aa. Katika sanduku lake la mbao alikuwa na vitu vitatu alivyovipenda kuliko vyote: cheti chake, chupa ya wino mweusi, na chupa ya wino mwekundu.

Padri mkuu wa misioni alimwambia: «Watoto wa darasa la tano wanajua kusoma. Imla pia wanaandika. Lakini kuandika maneno yao wenyewe hawajui bado. Hiyo ndiyo kazi yako. Utaanza kesho.»

Usiku ule mwalimu hakulala upesi. Aliandika somo lake lote kwenye karatasi: maneno ya kwanza, maneno ya pili, maneno ya mwisho. Huko ziwani taa za wavuvi wa ndagala ziliwaka kama nyota zilizoshuka majini. Yeye alikuwa angali anaandika.

Kesho yake, baada ya sala, aliingia darasani. Watoto 32 walisimama pamoja.

«Tumsifu Yezu Kristu.»

«Milele na milele. Amina.»

Wakaketi. Mwalimu akaanza kusema. Aliwaambia habari za Padri Stefano Kaoze, mtoto wa milima ile ile ya Marungu, aliyepewa upadri mwaka 1917, akawa padri wa kwanza mzalendo katika Kongo ya wakati ule. Alisema: «Alipokuwa bado mseminari, Kaoze aliandika juu ya mawazo na desturi za watu wake. Maandiko yake yalichapwa huko Ubelgiji katika miaka ya 1910 na 1911. Wazungu wengi walidhani kwamba mtu mweusi anaweza kunakili tu. Yeye aliandika mawazo yake mwenyewe. Naye alianza kwa kujifunza herufi, kama ninyi.»

Watoto walisikiliza kimya. Walilijua jina lile, maana Padri Kaoze alifariki mwaka 1951 tu, na wazee walimkumbuka bado. Mwalimu alifurahi. Aliona kwamba kazi inakwenda vizuri. Basi akaendelea kusema juu ya nukta, juu ya mkato, juu ya herufi kubwa na herufi ndogo, juu ya namna ya kushika kalamu na namna ya kuketi. Akasema, akasema, hata jua likafika kwenye kizingiti cha mlango, na watoto wa benchi ya nyuma wakaanza kusinzia.

Ndipo alipoandika ubaoni: «Andika barua kwa mtu wa jamaa yako aliye mbali.»

Watoto wakachovya kalamu zao katika wino. Wakaandika. Mwalimu akapita kati ya benchi, chupa ya wino mwekundu katika mkono wa kushoto na kalamu katika mkono wa kuume. Akasoma barua ya kwanza: «Salamu nyingi. Mimi sijambo, sijui wewe.» Akasoma ya pili: «Salamu nyingi. Mimi sijambo, sijui wewe.» Ya tatu na ya nne vilevile. Kila mtoto aliandika salamu zile zile, kisha akaomba shati au kaptula. Mwalimu akasahihisha. Hapa herufi kubwa inakosekana, alama nyekundu. Pale neno limekatwa vibaya, alama nyekundu. Baada ya muda kidogo karatasi zilionekana kama mikono iliyochomwa na miiba.

Hata akafika kwenye benchi ya mwisho, karibu na dirisha. Kijana mmoja wa miaka 12 alikuwa ameketi na karatasi tupu mbele yake. Hakuandika hata neno moja. Wino ulikuwa umekauka kwenye ncha ya kalamu yake.

«Je, huna mtu aliye mbali?»

«Ninaye, mwalimu. Baba yangu.»

«Basi kwa nini huandiki?»

Kijana akainamisha kichwa. «Naogopa, mwalimu.»

«Unaogopa nini? Unaniogopa mimi?»

«Hapana, mwalimu. Naogopa kuandika.»

Darasa zima likacheka. Mwalimu akaona haya, kisha akakasirika. Alidhani kwamba mtoto anamfanyia mzaha siku yake ya kwanza. Akasema kwa sauti kali: «Utabaki hapa baada ya masomo, mpaka barua iishe.»

Kengele ikalia. Wenzake wakatoka mbio kwenda ziwani kuoga. Kijana akabaki kwenye benchi yake. Mwalimu akaketi mezani, akaendelea kutia alama nyekundu. Kwa muda mrefu hapakusikika kitu ila sauti ya kalamu ya mwalimu na sauti ya mawimbi.

Mwalimu akainua macho. Karatasi ilikuwa tupu bado. Lakini sasa aliona jambo asiloliona kwanza: mkono wa kijana ulitetemeka. Mtoto mvivu hatetemeki. Basi mwalimu akaifunga chupa ya wino mwekundu, akaenda kuketi kwenye benchi, kando ya kijana.

«Mwanangu,» akasema, «sasa sisemi tena. Nakusikiliza.»

Kijana akanyamaza kwanza. Kisha akafungua katekisimu yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa mwalimu. Ilikuwa barua ya baba yake. Baba yule alifanya kazi ya mgodi katika mji wa Kolwezi, mahali pa shaba, mbali sana na ziwa. Aliandika hivi:

«Mtoto wangu, nimepata barua yako. Nafurahi sana kusikia kwamba mdogo wako amekua. Ninatuma kanzu yake. Nimechagua kubwa kidogo, maana nilimwacha angali mchanga. Sasa siwezi kurudi, kazi yangu itakwisha mwezi wa Noeli. Mwambie mama avumilie.»

Mwalimu akasoma mpaka mwisho. Hakuelewa. «Hii ni barua njema,» akasema. «Mbona unalia?»

«Mwalimu, mdogo wangu hakukua. Alikufa.»

Ndipo kijana alipoeleza yote. Katika masika ugonjwa wa surua uliingia kijijini. Watoto wengi waliugua, na mdogo wake, msichana wa miaka mitatu, alifariki. Mama alitaka baba ajue upesi, ili arudi kwa matanga. Meli ilikuwa tayari kuondoka asubuhi. Basi usiku ule, kwa mwanga wa taa ndogo, mama alimwambia mtoto wake: «Mwandikie baba yako kwamba mdogo wako amekufa, naye arudi upesi.» Kijana aliandika akilia. Hakusoma tena alichoandika. Aliifunga barua, akakimbia gatini.

Barua ilisema: «Mama anakusalimu sana. Mdogo wangu amekua. Mama anasema urudi upesi.»

Herufi moja tu ilikosekana. Alitaka kuandika amekufa, akaandika amekua.

Baada ya wiki nyingi mtu mmoja aliyetoka Kolwezi alileta jibu la baba pamoja na kifurushi. Mama hakujua kusoma. Alimwambia mtoto: «Nisomee.» Kijana aliposoma kwa macho, alifahamu kosa lake, na damu ikamwenda mbio. Akaogopa. Akamsomea mama hivi: «Baba anasema pole sana. Hawezi kurudi sasa. Anasema uvumilie.»

Mama akafungua kifurushi, akaona kanzu ndogo ya maua. «Na hii ya nani?» akauliza. Kijana akajibu: «Aliinunua kabla ya kupata barua yetu.» Mama akaikunja, akaiweka chini kabisa katika sanduku.

Tangu siku ile mama hakutaja tena jina la baba. Jirani wakimwuliza habari za mume wake, alisema: «Mtu asiyekuja kumlilia mtoto wake ana moyo wa jiwe.» Tena alianza kusema kwamba baada ya mavuno atarudi kwa ndugu zake.

«Mwalimu,» akasema kijana, «nikiandika tena, nitaharibu tena. Ndiyo maana naogopa.»

Mwalimu akakaa kimya. Alizitazama karatasi 31 mezani, zimejaa alama nyekundu. Katika shule ya walimu alijifunza kwamba herufi iliyokosekana hupunguza alama ya mtoto. Hakufikiri kwamba inaweza kuivunja nyumba. Tena alijiona yeye mwenyewe amekosa. Alitaka kumwadhibu mtoto pekee wa darasa lile aliyejua kwa kweli barua ni kitu gani.

Baadaye akasema: «Umekosa mara mbili. Kosa la kwanza ni la kalamu: uliacha herufi, nawe ulikuwa na huzuni na usingizi. Hilo si dhambi. Kosa la pili ni la mdomo: ulimsomea mama maneno yasiyoandikwa. Hilo ndilo linalokutesa. Basi tusianze na kalamu. Tuanze na mama.»

«Atanichukia, mwalimu.»

«Tutakwenda pamoja.»

Wakaenda. Mama alikuwa anatwanga mihogo nyuma ya nyumba. Alipomwona mwalimu akaacha mchi, akapangusa mikono, akaleta kiti. «Karibu, Bwana mwalimu. Mtoto ana kosa gani?»

Mwalimu hakujibu. Akamtazama kijana. Kijana akapiga magoti, akasema mambo yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakujificha nyuma ya usingizi, wala nyuma ya taa ndogo.

Mama akasikiliza bila kusema neno. Kuku walikula unga uliomwagika, asiwafukuze. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeamka:

«Kumbe hakujua.»

Akafunika uso kwa kitambaa chake, akalia. Alimlilia mtoto aliyekufa, na mume aliyemhukumu bure. Baada ya muda akaunyosha mkono, akamshika kijana kichwani. «Inuka,» akasema. «Leta karatasi. Baba yako hajamlilia mtoto wake bado.»

Kijana akamtazama mwalimu kwa hofu. Mwalimu akamwambia: «Unajua kwamba Mtakatifu Paulo hakuandika kwa mkono wake waraka wote kwa Warumi? Yeye alisema, na mtu mwingine, jina lake Tertio, akaandika. Tertio anawasalimu Warumi katika sura ya 16. Bila mkono wa Tertio, maneno ya Paulo yasingalifika Roma. Leo mama yako anasema, wewe ndiwe Tertio. Andika anayosema, usizidishe, usipunguze. Kisha utamsomea tena kwa sauti, neno kwa neno.»

Mama akasema, kijana akaandika. Aliandika polepole sana. Alipofika kwenye neno lile akasimama, akalitamka kwa sauti ndogo: «A-me-ku-fa.» Akatia f, akaitazama, akaendelea. Mwalimu aliketi kando. Hakushika kalamu. Mahali pawili aliona herufi kubwa inakosekana, akanyamaza.

Barua ilipokwisha, kijana akasoma yote kwa sauti. Mama akasema: «Ongeza kwamba nilimkasirikia bure, naye anisamehe.» Kijana akaongeza. Yeye mwenyewe pia alitia maneno yake mwishoni: «Baba, mimi ndimi niliyekosa katika barua ya kwanza.» Akasoma tena mara ya pili. Ndipo mwalimu aliposema: «Sasa tutie herufi kubwa mbili zilizobaki, kisha tuifunge.»

Barua ile ilisafiri mbali. Meli iliipeleka kaskazini mpaka Albertville, mji ambao sasa huitwa Kalemie. Hapo iliingia gari moshi, ikapita kilometa 273 mpaka Kabalo kwenye mto Lualaba, kwa reli iliyokwisha kujengwa mwaka 1915. Kutoka Kabalo ilishika reli mpya iliyofika Kamina mwaka 1956, halafu Tenke, halafu Kolwezi. Watu wengi waliishika mikononi: baharia, karani wa posta, mpakuaji wa mizigo. Hakuna hata mmoja aliyejua ndani yake mna nini. Kama neno moja ndani yake lingalikuwa na kosa, hakuna ambaye angaliweza kulisahihisha njiani.

Juma lililofuata mwalimu akaingia tena katika darasa la tano. Hakutaja habari ya kijana yule, wala hakumtazama. Aliuliza tu: «Nani ana mtu aliye mbali, na anataka kumwambia jambo gani?» Kisha akanyamaza, akangoja. Mara ya kwanza hakuna aliyejibu. Halafu mtoto mmoja akasema kwamba mtumbwi wa babu yake ulivunjika. Mwingine akasema kwamba dada yake ataolewa, naye hataki aende. Mwingine akasema kwamba mbuzi wao amezaa watatu. Mwalimu akawaambia: «Andikeni hayo hayo.» Siku ile hapakuwa na barua mbili zilizofanana.

Mwalimu alipozikusanya, aliiweka kalamu nyekundu chini. Alisoma kila barua mpaka mwisho kwanza, akawaza juu ya mtu atakayeipokea. Baadaye tu akafungua chupa ya wino mwekundu. Hakuacha kusahihisha. Kinyume chake, alisahihisha kwa bidii kuliko zamani, maana sasa alijua kwa nini herufi lazima iwe mahali pake.

Wiki ya saba meli ilimleta baba mwenyewe. Alikuwa amepewa ruhusa ya siku chache. Alishuka gatini na mzigo mdogo, akaenda moja kwa moja makaburini pamoja na mke wake na mtoto wake. Wakasali. Baba akalia kama watu wanavyolia katika matanga. Jirani nao wakaja, wakakaa pamoja naye usiku kucha.

Asubuhi baba akatoa barua mfukoni, iliyochakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Akamwambia kijana: «Hii niliielewa.» Hakusema zaidi. Kanzu ya maua walimpa mtoto wa kaka yake, aliyekuwa wa umri ule ule. Na baada ya mavuno mama hakurudi kwa ndugu zake.

Kijana yule alikua, akawa mwalimu yeye naye. Alifundisha miaka mingi, na ndiye aliyeisimulia habari hii kwa wanafunzi wake. Kila mwaka, siku ya kwanza, aliandika ubaoni maneno mawili tu: amekua, amekufa. Akawaambia watoto wasome kwa sauti.

Watoto wapenzi, siku hizi barua nyingi hazipandi tena meli wala gari moshi. Maneno huruka kwa simu, yakafika Kolwezi kabla hujafumba jicho. Lakini simu nayo hupeleka kosa lako upesi vilevile. Kwa hiyo, kabla ya kutuma neno, ulisome tena. Kama umeandika kwa ajili ya mtu mwingine, msomee yote, usizidishe, usipunguze. Na kama umekosa, usilifunike kosa kwa uwongo; liseme mapema, kwa maana waliosema kweli husameheana.

Maswali

1. Mwalimu alifanya nini siku ya kwanza kilichowafanya watoto wasinzie?
2. Kwa nini kijana hakutaka kuandika?
3. Herufi gani ilikosekana katika barua ya kwanza? Baba alielewa nini?
4. Kijana alikosa mara mbili. Kosa lipi lilikuwa zito zaidi, na kwa nini?
5. Tertio alikuwa nani?
6. Barua ilipita miji gani tangu ziwani mpaka Kolwezi? Ionyeshe katika ramani.

Kazi ya kuandika

Mwombe mama, baba, au mzee mmoja wa jamaa yako akuambie maneno ya kumpelekea mtu aliye mbali. Andika anayosema. Kisha msomee yote kwa sauti kabla ya kuifunga barua.